Mbwa akiitwa anakuangalia tu: nilivyohangaika na Diwani wangu hapa Mkolani, Mwanza

#1 Jiwe_la_Mkolani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Majirani watatu mwezi huu wameniuliza nilimfundishaje mbwa wangu kuja akiitwa, na kila nikianza kueleza chai inapoa naishia njiani. Bora niandike mara moja. Uzi ni mrefu, wenye haraka mpite.

Nina mbwa dume, chotara. Mama yake ni wa kienyeji kabisa, kutoka Usagara. Baba inasemekana ni Jamani shepadi, ila ukimtazama masikio unaelewa kwa nini nasema "inasemekana". Ana miaka mitatu. Anaitwa Diwani. Jina alipewa na shemeji yangu, kwamba ni kiumbe wa kuonekana akitaka yeye. Tulicheka sana siku ile.

Wanaoijua Mkolani wanajua nyumba zetu zimejibanza kati ya mawe. Ukuta hata ukiwa na hela utaujengea wapi? Mbele nina michongoma, nyuma nina jiwe kubwa kuliko nyumba. Diwani alishatoboa njia yake kwenye michongoma tangu akiwa mdogo. Akitoka, ukimwita, anasimama. Anageuza shingo. Anakutazama vizuri kabisa, usoni, kama anayekusikiliza. Halafu anaendelea na safari zake. Angekuwa kiziwi ningemsamehe. Yule anasikia hata kifuniko cha sufuria kikifunguliwa kwa jirani wa tatu.

Kilichonifanya niache kucheka ni barabara ya Shinyanga. Jumamosi moja alikuwa ng'ambo ya lami, anachimbua takataka za genge. Nikamwita, na siku hiyo akaja! Alipofika katikati ya barabara akasimama, akaanza kufikiria upya. Bodaboda akamkwepa, akaenda chini na abiria wake. Kwa neema ya Mungu goti moja tu lilichubuka. Nililipa dawa, nikalipa kioo cha pembeni, nikaomba radhi mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Diwani alikuwa amekaa pembeni anajikuna.

Jioni nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza miaka mitatu nyuma: hivi huyu mbwa huwa namwita kwa lipi? Nikahesabu kwa vidole. Namwita asubuhi nimfunge mnyororo. Namwita nimwogeshe dawa ya kupe. Namwita nimchape kwa kuku wa Mama Jirani. Namwita tuondoke ziwani wakati yeye ndio kwanza raha imekolea. Chakula? Chakula simwitii, sufuria inamwita yenyewe. Kwa hiyo "Diwani, njoo!" kwake ilikuwa na tafsiri moja tu: starehe imekwisha. Angekuja kufanya nini?

Waliosoma baiolojia wanamkumbuka Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na mate (Nobel yake ya mwaka 1904 alipewa kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, watu hudhani ni kwa kengele). Mbwa wake walidondosha mate kwa kusikia sauti tu, kwa sababu kila mara sauti ilitangulia chakula. Sauti yangu mimi ilitangulia mnyororo, miaka mitatu mfululizo. Mwanafunzi hakuwa mzito, alifaulu somo nililomfundisha.

Basi nikaanza kutafuta sauti mpya, maana ile ya zamani ilishaoza. Hapa nilikosea mara mbili.

Kwanza mluzi. Mtaani kila kijana anapiga mluzi, konda anapiga mluzi, muuza maji anapiga mluzi. Siku mbili tu Diwani akawa anazunguka kama mtu aliyepoteza simu.

Pili filimbi ya refa. Hii ilifanya kazi vizuri mno. Haina hasira, na nikipuliza mimi au akipuliza mke wangu ni ileile. Tatizo, filimbi Mwanza ina wenyewe. Usiku mmoja ulinzi shirikishi walipuliza saa nane wakimkimbiza mwizi wa betri, Diwani akaruka michongoma kwenda kudai dagaa anazolipwa akiitika. Walinzi wakadhani nimewaachia mbwa kwa makusudi. Na siku nilipopuliza mimi saa tisa mchana, wazee wawili wakatoka na marungu wakiuliza kaingia wapi. Mwenyekiti wa mtaa akaniita, kwa upole, akaniomba filimbi nimpe mtoto wa shule ya mpira.

Mara ya tatu nikatafuta neno ambalo mtaani kwetu halipigiwi kelele. Buhongwa, Igoma, Sengerema, Bukoba, yote makonda wanayaimba kutwa nzima. Ukerewe watu wanakwenda kwa meli, hakuna konda wa kuiimba kwenye lami ya Mkolani. Tena ukiivuta mwishoni, "Ukereweee", inafika mbali hadi kwenye mawe. Ndilo neno letu hadi leo. Samahani Wakerewe, ni kwa heshima.

Malipo ni dagaa. Nilinunua fungu la buku, nikaziosha mchanga, nikazikausha tena kwenye kikaango kikavu, bila mafuta wala chumvi. Dagaa mmoja unamkata mara mbili, kichwa zawadi moja, kiwiliwili na mkia zawadi nyingine. Zinakaa kwenye kopo dogo mfukoni. Ndiyo, suruali itanuka. Mke ataongea.

Wiki ya kwanza sikudai chochote. Amelala miguuni pangu ukumbini, nasema "Ukerewe", nampa. Anakunywa maji, "Ukerewe", nampa. Mara tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, basi. Siku ya tatu nilitamka akiwa amefumba macho, nikaona sikio la kushoto limegeuka kabla ya kichwa. Hapo nikajua neno limeingia.

Baada ya hapo korido, kisha jikoni, kisha uani watoto wakiwa wamelala, kisha uani watoto wakicheza. Usiruke. Mimi niliruka, siku ya nane nikamjaribu barabarani, akaniangalia kwa jicho lilelile la zamani. Nikarudi korido kwa adabu.

Nje nikaingiza kamba. Manila ya mita 10, kutoka kwa wauza zana za uvuvi Kirumba. Isifungwe shingoni! Mbwa akitimka, kamba ikiisha ghafla, shingo ndiyo inayoumia. Nilimshonesha mkanda wa kifuani kwa fundi viatu. Kamba yenyewe si ya kumvutia kama mbuzi wa mnadani, inalala chini tu, na kazi yake ni moja, kwamba akikataa wito asipate kwenda kujilipa mwenyewe kule alikokuwa anakwenda. Na usiishike kwa mkono mtupu. Alimwona paka, manila ikapita kwenye kiganja changu, wiki nzima nilikula ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe. Sasa nafunga mafundo kila baada ya mita, naikanyaga kwa kiatu.

Naita mara moja tu. "Diwani, Diwani, Diwani we, Diwani nitakuchapa" ni kumfundisha kwamba wito wa kwanza hadi wa tatu ni salamu. Asipogeuka, simfuati. Namkimbia. Mbwa ukimfuata, kwake ni mchezo na yeye ana miguu minne. Ukimkimbia wewe, anataka kujua unakwenda wapi. Kwa hiyo nikawa nakimbia kuteremka mlima kwa kandambili, baba wa watoto wawili, nampigia makofi mbwa anayenifukuza. Yaliyosemwa mtaani nayajua.

Akifika, nagusa kwanza mkanda wa shingo, ndipo nampa. Wapo mbwa wanaokuja hadi hatua moja halafu wanacheza na mkono wako. Huyo anaujua mkono kwamba unakamata. Acha ajue kwamba mkono ukigusa mkanda, dagaa anafuata.

Kisha jambo ambalo naona ndilo lililombadilisha hasa: namwachia. Kati ya mara kumi ninazomwita, nane namlipa na kumwambia "haya, nenda", anarudi alikotoka. Mbili tu ndizo za kwenda nyumbani. Wakati wa kufunga mnyororo simwiti kabisa, namfuata alipo.

Mwezi wa tatu wa mafunzo, jioni, tuko juu kwenye mawe. Pale kuna pimbi. Diwani akamwona mmoja kwenye ukingo wa jiwe, kama hatua kumi na tano. Mguu mmoja juu, nywele za mgongo zimesimama mstari mzima hadi mkiani. Kamba ilikuwa chini, lakini mwisho wake ulikuwa mbali na kiatu changu, nilijua siwezi kuuwahi. Nikavuta pumzi, "Ukereweee". Hakugeuka. Sikio likageuka, lile la kushoto. Mguu ukabaki juu. Nahisi nilisimama pale mwaka mzima. Halafu akashusha mguu, akageuka, akaja mbio hadi akapitiliza akanigonga goti. Nilimmwagia kopo zima. Pimbi naye alibaki palepale anatutazama.

Msidhani nimemaliza. Kenge bado. Kule Luchelele ufukweni akimwona kenge kwenye matete, mimi, dagaa na Ukerewe yote tunafutika. Kwa hiyo kule hafunguliwi kamba. Kipimo changu: kama siko tayari kuweka buku tano mezani kwamba atakuja, siiti. Kila wito unaopuuzwa unalegeza neno.

Karibuni.

#2 Panki_la_Sangara

Nimeweka kambi. Mke wangu kanikuta nacheka peke yangu, sehemu ya wazee na marungu.

#3 Kisado

Mkuu umeandika vizuri ila huo ni uzungu. Mzee wetu Misungwi alikuwa na mbwa sita wa kuchungia, hakuwahi kumpa mmoja hata mfupa kwa kuja. Aliita mara moja, asiyekuja alikula fimbo. Walikuja wote. Leo watoto wa watu wanalala bila mboga, wewe dagaa kwa mbwa kisa ameitika?

#4 Jiwe_la_Mkolani

Kisado, wabeja sana, hoja nzuri. Mbwa wa mzee walishinda naye porini kutwa nzima, walikula alipokula na kulala alipolala. Kwao kumwacha mzee ilikuwa kupotea. Wangu anashinda kwenye mnyororo, akifunguliwa mimi ndiye wa mwisho anayetaka kumwona. Na fimbo nimeitumia, usidhani. Nilimchapa alipokuja, kwa sababu alichelewa kuja. Fikiria hilo tena: alipokuja. Mara iliyofuata alisimama urefu wa fimbo na hatua moja zaidi, akaganda hapo. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Kuhusu mboga: dagaa saba au nane kwa siku, zinakatwa vipande kumi na tano, na ugali wake wa jioni unapunguzwa. Anafanyia kazi chakula kilekile.

#5 Daktari_wa_Ngombe

Mimi ni afisa mifugo, nichangie machache ambayo mleta uzi kayapita.

Kabla hujamwita mbwa jeuri, fungua masikio yake uangalie. Kupe, utitiri, usaha, harufu mbaya, kutikisa kichwa kila mara. Nimeletewa "mbwa mkaidi" ambaye sikio zima lilikuwa limeziba. Na mbwa mzee usikivu wake hupungua kidogo kidogo kila mwaka, huyo mfundishe ishara ya mkono.

Dume ambaye hajahasiwa akinusa jike aliye kwenye joto, usitegemee dagaa. Kuhasi hupunguza kuzurura kwa madume wengi. Hakumfundishi kuitika, kunampunguzia tu sababu za kuondoka. Mleta uzi, Diwani amehasiwa?

La tatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa anayezurura ndiye anayekutana na mbwa asiyejulikana. Mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu achanjwe, kisha kila mwaka. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakupo.

Na hawa wa kienyeji msiwaite wajinga. Mbwa wa kuchunga kondoo wa Ulaya alichaguliwa vizazi na vizazi kwa kumtazama bwana wake anasema nini. Wetu alibaki yule aliyejua kujitafutia. Kuna aina ya Kongo, Basenji, wasiobweka kama mbwa wengine, nao sifa yao ni hiyohiyo ya kujiamulia. Anakuelewa vizuri, anapima tu kama inamlipa.

#6 Jiwe_la_Mkolani

Daktari, chanjo anayo, kadi ninayo. Kuhasi bado. Shemeji anasema diwani akihasiwa kata inakosa uwakilishi. Nitalifanyia kazi.

#7 Mama_Mwalo

Jamani mimi niko Igombe, naanika dagaa. Kaka Jiwe, mbwa wangu anaitwa Popi, jike, miaka saba. Nimejaribu haya mambo yako tangu asubuhi. Nikimwonyesha dagaa ananitazama kwa huruma. Kalala pembeni ya kichanja, dagaa zimemzunguka pande zote nne. Nifanyeje? Na shida yangu si barabara, ni maji. Anawafuata wavuvi hadi kwenye matete, na mamba wapo.

#8 Jiwe_la_Mkolani

Dada, hapo umenikamata kweli, sikuwahi kufikiria mbwa aliyeshiba dagaa. Popi ni tajiri. Mlipe kwa asichonacho. Pita machinjioni uchukue mapupu ya ng'ombe, chemsha, kata vipande kama punje ya mhindi, kausha kidogo juani yasioze mfukoni. Na usiyatoe bure hata siku moja, yaonekane kwenye wito tu.

Miaka saba si kitu, anajifunza. Ila usianzie mwaloni, huko ufukweni kwa wavuvi. Anzia ndani, jioni, wavuvi hawapo. Mwaloni kamba ibaki, hasa asubuhi na magharibi. Na wewe mwenyewe usiingie majini kumfuata, mbali na mamba kuna kichocho.

#9 Kisado

Swali la dhati sasa, si ubishi. Wangu nikimwita anakuja vizuri, tatizo anakuja kwangu tu. Mke wangu akiita haendi.

#10 Panki_la_Sangara

Kisado, hilo si la mbwa, mnaitana vipi huko ndani? 😂

#11 Jiwe_la_Mkolani

Panki acha uchokozi. Kisado, neno liwe moja kwa wote na sauti iwe ya furaha, shemeji naye ashike kopo wiki nzima. Kwangu binti wa miaka tisa ndiye anayeitikiwa haraka kuliko wote, kwa sababu hajawahi kumfunga mnyororo. Mnasimama wawili, mmoja huku mmoja kule, mnamwita mbwa kwa zamu, kila akifika analipwa. Dakika tano tu, acheni yeye akiwa bado anataka.

#12 Mama_Mwalo

Mrejesho, wiki tatu. Mapupu yamefanya kazi. Neno letu ni "Kopo!" kwa sababu ndilo lililonitoka siku ya kwanza. Leo Popi alikuwa maji ya tumboni anafuata mtumbwi, kamba inaelea nyuma yake, nikaita sikuamini, kageuka. Karudi kajikung'utia maji kwenye kichanja kizima, dagaa zote zimelowa. Nimezianika upya. Wabeja kaka.

#13 Kisado

Nimenunua fungu. Msiseme kitu.

#14 Jiwe_la_Mkolani

Mrejesho wangu na mimi. Jana saa kumi na moja jioni kijana mmoja alipita hapa nje anaongea na simu kwa sauti: "Niko njiani naenda Ukerewe, nimeshakwambia, U-ke-re-we!" Diwani akatokea kwenye michongoma, akakaa mbele yake, wima, mkia unafagia vumbi. Kijana akasimama. Akajaribu kupita kushoto, Diwani akahamia kushoto, akakaa tena. Nikamsikia anamwambia aliye kwenye simu, "Subiri, kuna mbwa ananidai kitu."

Ikabidi nitoke na kopo.